Kurabu, Paka na Vifaranga wa Bibi: Somo la Ekolojia Juu ya Dari Letu

Mhariri aliponitaka niandike makala ya sayansi kwa Kiswahili nilicheka kwanza. Ekolojia twaisoma kwa Kiingereza, twaifanyia mtihani kwa Kiingereza, na ukimuuliza mwenzangu wa dawati moja maana yake kwa lugha aliyozaliwa nayo, atakukodolea macho tu. Lakini jambo lenyewe lilinitokea kwa Kiswahili, tena nyumbani kwetu Mji wa Kale, kwa hivyo nitalieleza hivyo hivyo.

Katika kidato cha tatu twafundishwa kwamba viumbe wa aina mbalimbali wanaoishi mahali pamoja huitwa jamii. Ndani ya jamii hiyo kuna anayekula na anayeliwa, kuna wanaogombania chakula kimoja, kuna kimelea anayemnyonya mwenzake, na kuna anayefaidika kwa mwingine bila kumdhuru. Mwalimu alitutaka kila mmoja atafute jamii moja karibu na kwao aiangalie kwa muda wa wiki nane. Wengi walikwenda kwenye mikoko ya Tudor. Mimi sikuwa na nauli ya kila Jumamosi. Nilipanda darini.

Sababu nyingine ilikuwa bibi. Kuku wake alikuwa ameangua vifaranga tisa, na kabla ya wiki mbili kwisha walikuwa wamebaki wawili. Bibi huuza mayai kwa majirani, na kuku kwake si mchezo. Pesa ya daftari langu hutoka humo. Alikuwa na hakika kwamba mwizi ni kurabu, na alitaka nimtafutie sumu.

Hapa nitue kidogo niwaeleze wasio wenyeji wa pwani. Kurabu ni yule kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivujivu, ambaye wanasayansi humwita Corvus splendens. Kwao ni Bara Hindi na nchi za jirani. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890, makusudi, ili ale taka za mji. Hapa Mombasa alionekana mara ya kwanza mwaka 1947. Kabla yake palikuwa na kunguru wetu wa asili, mkubwa kuliko huyu, mwenye kifua cheupe kama aliyevaa fulana. Ukisafiri bara utamwona mara nyingi. Kisiwani hapa mimi, kwa miaka yangu kumi na sita, sijamwona hata mmoja. Huo ndio ushindani unaoandikwa vitabuni: wawili wanataka chakula kimoja na miti ileile ya kujengea, na aliye wengi na asiyeogopa watu humsukuma mwenzake nje.

Basi nikaanza kuhesabu. Jumamosi ya kwanza niliandika kurabu arobaini na moja. Nusu saa baadaye nikahesabu tena nikapata sabini. Nikajiona bingwa, kumbe nilikuwa nikiwahesabu walewale wakizunguka kati ya soko la samaki na mkungu ulio nyuma ya nyumba yetu! Ile mbinu ya darasani ya kunasa, kutia alama, kuachia na kunasa tena haikufaa, maana kurabu akishaona mwenziwe ameingia mtegoni, hasogei tena. Mwalimu akanishauri nisihesabu wote, niangalie matendo: nani kafanya nini, saa ngapi, na nani kamjibu. Tangu hapo ndipo daftari langu likaanza kunoga.

Jambo la kwanza nililoliona ni la paka. Paka wa Mji wa Kale mwawajua. Wamejaa kila kichochoro na hawana haraka. Asubuhi moja paka mmoja alikuwa amekaa juu ya kichwa cha samaki, anakula kwa raha zake. Wakaja kurabu wawili. Mmoja akatua mbele akajifanya anatazama bahari. Wa pili akaja kwa nyuma akauvuta mkia wa paka kwa mdomo. Paka alipogeuka kwa hasira, yule wa mbele akachukua kichwa cha samaki akaruka. Nilicheka hadi bibi akauliza kama nimeshikwa na jini. Nikaandika: ushindani, tena wa hila.

La pili ni la mwewe. Nilidhani mwewe na kurabu ni chama kimoja cha wezi. La! Mwewe akitokea tu juu ya paa, kurabu hupigiana kelele, hukusanyika watano, sita, wakamfukuza hadi upande wa bandari. Kwa hivyo kurabu anayewala vifaranga ndiye anayemfukuza mwewe ambaye naye angewala. Msomaji, hapo nilipaangalia mara mbili. Uadui wa wawili ukawa, bila kukusudia, ulinzi kwa wa tatu. Ulinzi wa fisi kwa mbuzi, ndiyo, lakini upo.

La tatu linahusu ndege wadogo. Mnana, yule fundi wa kusuka kiota kinachoning'inia kwenye mnazi, alijaribu kujenga msimu ule karibu na msikiti. Kurabu walivitoboa viota kimoja baada ya kingine wakala makinda. Shomoro hawakupata taabu hiyo. Kwa nini? Wao huingia ndani ya mashimo ya kuta za nyumba zetu kuukuu za mawe ya matumbawe, mahali ambapo mdomo wa kurabu haufiki. Nyufa ambazo baba hulalamika kila mwaka kwamba hana pesa za kuzipaka chokaa ndizo zinazowaokoa shomoro. (Sikumwambia hivyo.)

Nilisoma pia kwamba huko Bara Hindi kuna ndege aitwaye koeli ambaye hutaga yai lake ndani ya kiota cha kurabu, na kurabu humlea mtoto asiye wake. Kimelea huyo hapa kwetu hayupo. Rafiki yangu mmoja alisema basi tulete koeli tu, mambo yaishe. Mimi siafiki. Kurabu mwenyewe aliletwa kwa nia njema kama hiyo. Na isitoshe, sidhani kinachowazidisha hapa ni kukosa koeli. Ni kupata chakula.

Na chakula chatoka wapi? Hapa ndipo nilipopata shida, wenzangu, na ndipo nilipoona heri nisingeuanza utafiti huu. Katika wiki ya nne niliyapanga maandishi yangu kwa saa. Kurabu walikuwa wakitua uani kwetu kila siku baada tu ya adhuhuri. Si kwa ajili ya vifaranga. Walikuja kwa ajili ya sahani. Bibi, Mungu amweke, husafisha samaki adhuhuri na kuyaweka matumbo kwenye sahani ya bati karibu na kisima, awape paka sadaka. Paka wakishiba, kurabu humaliza. Na sahani ikiwa tupu, kurabu aliyebaki na njaa huangalia kando, akaona vifaranga. Kati ya saba waliopotea kundi la kwanza sikushuhudia hata mmoja. Lakini kuku wa pili alipoangua wanane, niliona kwa macho yangu watatu wakichukuliwa, wawili na kurabu na mmoja na paka yuleyule wa sadaka, wote watatu kati ya saa saba na saa tisa mchana.

Utamwambiaje mtu aliyekulea kwamba sadaka yake ndiyo inayowaita wezi? Nilikaa na jambo hilo siku tatu. Siku ya nne akaniita.

"Wewe wakaa wahesabu kurabu, na mimi vifaranga waniishia! Sumu i wapi?"

Nikamweleza habari za sumu. Shirika la Huduma za Wanyamapori lilitangaza mwezi wa Juni 2024 mpango wa kuwaangamiza kurabu milioni moja wa pwani kabla ya mwaka ule kwisha, kwa dawa maalumu inayotumiwa na wenye idhini. Si ya kununua dukani, na sumu ya panya ingewaua paka. Unguja nao waliwapunguza sana katika miaka ya 1990, kazi ilipolegea wakazaana upya. Kisha nikafungua daftari nikamwonyesha zile saa. Hasomi hati yangu, kwa hivyo nilimsomea.

Alinyamaza. Akaniuliza, "Yaani ni mimi?"

"Si wewe, bibi. Ni sahani."

"Sahani haina miguu," akasema, akaingia ndani. Siku ile hakunisemesha hadi magharibi.

Kesho yake sikuikuta sahani uani. Paka hupewa chakula ukumbini sasa, mlango ukiwa umefungwa, naye bibi husimama hadi wamalize. Vifaranga huwekwa chini ya tenga mchana na kufunguliwa alasiri. Watano waliobaki wamekuwa mitetea wanne na jogoo mmoja. Kurabu walikuja kama wiki mbili hivi, wakatua, wakatazama mahali pa sahani, wakaenda. Siku hizi hutua kwa jirani wa pili, ambaye naye ameanza kulalamika kwa bibi kuhusu vifaranga wake.

Bibi amenituma nimpelekee daftari.