Mateso na Hukumu ya Kifo: Mwislamu Asimame Wapi?



Katika darsa zetu hapa chuoni swali moja hurudi mara kwa mara: je, Mwislamu anaweza kushirikiana na mashirika ya kimataifa yanayopinga mateso na hukumu ya kifo, ilhali Qur'ani imetaja kisasi? Nimeombwa nilijibu kwa kuwa nasoma sheria. Nitayatenganisha mambo haya mawili, kwani tukiyachanganya tunapotea.

1. Mateso

Hapa hapana mjadala. Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Hisham bin Hakim (r.a.) aliwapita wakulima huko Sham waliosimamishwa juani kwa sababu ya jizya. Akasema alimsikia Mtume (s.a.w.) akieleza kuwa Mwenyezi Mungu atawaadhibu wanaowatesa watu duniani. Kisha akaingia kwa mtawala, akamweleza, na watu wale wakaachiwa. Zingatia: walioteswa hawakuwa Waislamu, na aliyewatesa alikuwa mtawala wa Kiislamu. Sahaba hakuuliza dini yao.

Mwaka 1972 Amnesty International ilianza kampeni ya dunia nzima dhidi ya mateso. Tarehe 10 Desemba 1984 Umoja wa Mataifa ukapitisha Mkataba dhidi ya Mateso, na Uganda ikajiunga nao mwaka 1986. Mkataba unasema vita au hali ya hatari si udhuru wa kumtesa mtu, na kwamba maneno yaliyopatikana kwa mateso si ushahidi. Mafakihi wengi nao wamesema kukiri kwa kulazimishwa hakuhesabiwi. Basi hapa tunapigania jambo letu wenyewe.

2. Hukumu ya kifo

Suratul Baqara, aya ya 178, imetaja kisasi, na papo hapo ikafungua mlango wa msamaha na diya. Anayesema Uislamu haukijui kisasi amekosea. Lakini anayedhani kila kitanzi ni sharia naye amekosea. Kitanzi cha Luzira kilitokana na sheria za mkoloni Mwingereza. Kwa sheria hizo, aliyetiwa hatiani kwa mauaji alihukumiwa kifo moja kwa moja. Jaji hakuruhusiwa kusikiliza sababu za kumpunguzia adhabu, na jamaa wa marehemu hawakuwa na mlango wa kusamehe.

Ndipo Susan Kigula na wenzake 417, wote wakiwa wamehukumiwa kifo, walipoishitaki serikali. Mawakili wa Kampala walisaidiwa na wenzao wa The Death Penalty Project ya London, ambao walikuwa wamekwisha kupigania kesi za namna hiyo katika visiwa vya Karibi. Mahakama ya Katiba iliamua mwaka 2005, na Mahakama ya Juu ikathibitisha tarehe 21 Januari 2009, mambo matatu:

(a) Adhabu ya kifo yenyewe haipingani na katiba.
(b) Kumlazimisha jaji kuitoa kunapingana na katiba. Kila mtu asikilizwe.
(c) Mtu akikaa zaidi ya miaka mitatu baada ya rufaa ya mwisho bila kunyongwa, adhabu yake igeuke kifungo cha maisha.

Kigula alisikilizwa upya, akapewa kifungo cha miaka 20, akatoka Januari 2016. Akiwa gerezani alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha London. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya nayo ilikataa hukumu ya kifo ya lazima kwa kosa la mauaji.

Sasa mtazame Edward Mpagi. Alihukumiwa kifo mwaka 1982 kwa kumuua mtu ambaye alikuwa hai. Mashahidi walisema uongo. Alikaa Luzira zaidi ya miaka 18, akisikia wenzake wakipelekwa kunyongwa, mpaka alipoachiwa mwaka 2000. Mafakihi wametufundisha kuwa shaka huiondoa adhabu. Je, mahakama zetu zina uhakika wa kiasi gani, hasa mshitakiwa akiwa maskini asiye na wakili wa kumlipa?

3. Tufanye nini?

Si lazima tukubaliane na kila neno la mashirika haya. Wapo wanaotaka adhabu ya kifo ifutwe kabisa, na wanazuoni wetu watajadiliana nao juu ya hilo. Lakini kupinga mateso, kudai ushahidi wa kweli, kudai wakili kwa maskini na kufungua mlango wa msamaha ni mambo ambayo hakuna Mwislamu mwenye kuyakataa.

Napendekeza jumuiya yetu iadhimishe tarehe 26 Juni, siku ya kuwaunga mkono walioteswa, kwa darsa la wazi. Pia wanafunzi wa sheria miongoni mwetu tujitolee kuwasaidia mahabusu kuandika maombi yao ya dhamana na rufaa. Mahabusu asiye Mwislamu tumsaidie vilevile, kama Hisham alivyofanya.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kusimamia uadilifu. Amin.