Mafunzo Niliyopata kwenye Benchi la Kliniki ya Watoto

Nimefanya uuguzi katika kliniki za mama na mtoto mkoani Tanga, kwanza kwenye zahanati ya kijijini, baadaye kwenye kituo cha afya cha mjini. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imepita kati ya mizani ya watoto na jokofu la chanjo. Wazazi wengi niliowahudumia walimleta mtoto, akachanjwa, wakaondoka. Wengine walikuja na maswali, wengine walikuja wamechelewa, na wachache hawakuja kabisa mpaka nikawafuata nyumbani. Hawa ndio walionifundisha. Naandika kwa sababu wazazi wenye hofu wanasemwa vibaya kuliko wanavyostahili, na chanjo nazo zinasingiziwa mengi.

1. Uamuzi hupitishwa nyumbani, na mama si peke yake

Mabango yetu huonyesha mama na mtoto tu. Lakini nyuma ya mama yupo mume anayetoa nauli, yupo mama mkwe aliyemlea uzazi, yupo jirani ambaye mtoto wake alivimba paja akalia hadi alfajiri. Namkumbuka binti mmoja, uzazi wake wa kwanza, aliyemleta mtoto kwa chanjo za wiki ya sita kisha hakuonekana wiki ya kumi. Nilipofika kwao nilimkuta bibi wa mtoto barazani anachambua mchele kwenye ungo. Nikamwamkia, akaitikia, akaendelea na mchele wake.

"Nesi mwanangu," akasema baadaye, "mlimchoma mtoto akakesha na homa. Mimi nimezaa saba. Mtoto mzima hapelekwi kutiwa ugonjwa."

Maneno hayo si ya mjinga. Dawa humpa nafuu mgonjwa, na nafuu inaonekana. Chanjo anapewa mzima, na faida yake ni kitu kisichotokea. Nikaomba kigoda, nikakaa. Sikuanza na chanjo, nilimuuliza habari za hao saba. Mikono ikasimama kwenye ungo. Wawili walichukuliwa na surua mwaka mmoja, akasema, mkubwa akimfuata mdogo. Akanieleza mwenyewe bila mimi kumwongoza: macho mekundu, kikohozi, vipele vilivyoanzia nyuma ya masikio vikashuka mwilini, kisha kuhara kusikokoma. Nilimwambia kwamba chanjo ya surua mjukuu wake ataipata akitimiza miezi tisa, kwa kuwa kabla ya hapo kinga aliyorithi kwa mamake huweza kuizuia isifanye kazi vizuri. Hizi za sasa ni za kifaduro, dondakoo, pepopunda, homa ya ini, nimonia na kuhara. Siku ya kliniki iliyofuata alikuja yeye bibi, mjukuu mgongoni, mama wa mtoto akishika kadi.

Tangu siku hiyo, kabla sijaandika tarehe ya kurudi, huuliza: mnakaa na nani nyumbani?

2. Homa isemwe kabla ya sindano

Mzazi aliyeambiwa kuwa mtoto anaweza kupata joto siku moja au mbili na paja likauma, akiiona homa hiyo hujua ni ile aliyoambiwa. Asiyeambiwa huona amedanganywa. Chanjo ya kifua kikuu anayopewa mtoto akizaliwa ni mfano mzuri: wiki kadhaa baadaye hutokea kipele begani, kinatunga usaha, kinakauka, kinaacha kovu. Ndivyo inavyotakiwa iwe. Nimeona kina mama wasioelezwa wakikipaka dawa ya meno na majani yaliyotwangwa.

Na lile la nadra lisemwe pia. Mtoto mmoja mmoja, kwa nadra sana, hupata mzio mkali. Ukitokea, kwa kawaida hutokea ndani ya muda mfupi baada ya sindano, na ndiyo sababu tunawaomba wazazi wasikimbilie bodaboda, wakae kwanza kwenye benchi tukiwaangalia. Sijaona mzazi aliyekimbia kwa kuambiwa hivyo. Nimeona wengi waliotulia, maana wamejua kwamba tunalijua na tumejiandaa.

3. Mwonyeshe mzazi chupa

Baba mmoja, fundi wa mafriji, aliuliza swali la kazi yake: umeme ukikatika, hiyo dawa yenu inabaki nzima? Nilimwita chumbani. Nikamfungulia jokofu, nikamwonyesha kipimajoto na karatasi tunayoandika joto asubuhi na jioni, maana chanjo hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Kisha nikamwekea kichupa kiganjani. Kwenye lebo kuna duara, na ndani ya duara pana mraba mdogo. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo inafaa. Joto likizidi, mraba hukolea polepole, na ukishafanana na duara au kulipita, kichupa kinatupwa hata kama tarehe yake haijafika. Akakigeuza, akakisogeza dirishani, akauliza kama baridi kali nayo inadhuru. Nikamwambia ndiyo, chanjo ya sindano moja inayokinga magonjwa matano, kifaduro na pepopunda yakiwemo, ikiganda imeharibika. Alitoka kwenda kumchukua mwanawe.

Maelezo ya dakika chache kwa mtu anayeuliza hayapotezi muda wa kliniki, na mwenye swali asichukuliwe kama mbishi.

4. Ugonjwa usioonekana hudharauliwa

Mama wa miaka ishirini na mitatu leo hajaona mtoto aliyepooza kwa polio. Surua ameisikia kwa bibi yake. Kwake chanjo ina maumivu anayoyaona na ugonjwa ana habari zake tu, kwa hiyo mizani yake inaelemea upande mmoja. Kazi yangu ni kumwambia kwamba ugonjwa haukwenda mbali.

Mgonjwa mmoja wa surua anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga. Virusi vyake huweza kubaki hewani kwa muda wa hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Ndiyo maana inatakiwa watoto kama 95 katika kila 100 wawe wamechanjwa ili ugonjwa ukose njia, na hao wachache waliobaki, wakiwemo wachanga wasiofikia umri, walindwe na wenzao. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mlipuko ulioanza mwaka 2019 ulileta zaidi ya wagonjwa 310,000 wanaoshukiwa, na vifo zaidi ya 6,000. Wengi wa waliokufa walikuwa watoto wadogo. Anayepona surua naye huenda akabaki na jicho lililoharibika, na ugonjwa huo hufuta sehemu ya kumbukumbu ya kinga ya mwili, hivyo miezi inayofuata mtoto huandamwa na maradhi mengine.

Nikiulizwa kama chanjo imewahi kuumaliza ugonjwa, husimulia habari za Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia. Alikwepa chanjo ya ndui kwa kuogopa maumivu. Oktoba 1977 akaugua ndui, akapona, na akawa mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ugonjwa huo kwa njia ya kawaida. Mwaka 1980 dunia ikatangazwa kuwa haina ndui tena. Maalin baadaye alijitolea katika kampeni ya polio nchini kwake, akawaeleza wazazi yaliyompata. Alifariki mwaka 2013 akiwa bado katika kazi hiyo. Mtu aliyeogopa sindano akamaliza maisha yake akiwatuliza waoga wenzake: sijui mwalimu bora kuliko huyo.

5. Uvumi una mzizi, na mzizi ndio wa kuchimbua

Uvumi ninaokutana nao zaidi ni wa ugumba. Ulizidi nchi ilipoanza mwaka 2018 kuwachanja wasichana wa miaka 14 dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Baba huuliza: kwa nini wasichana tu, na kwa nini sasa? Ni swali la haki. Jibu ni kwamba chanjo hufanya kazi vizuri zaidi kabla binti hajakutana na kirusi chenyewe. Huongeza jambo moja ambalo kila familia inalijua: mama zetu na dada zetu wamechomwa sindano ya pepopunda wakiwa wajawazito kwa miaka mingi, na wamerudi kliniki kwa mimba ya pili, ya tatu na ya nne.

Ila hofu ya watu kuhusu wageni na dawa haikuzuka hewani. Mwaka 2003 viongozi wa jimbo la Kano, kaskazini mwa Nigeria, walisimamisha chanjo ya polio. Watu wa huko walikuwa na kumbukumbu ya mwaka 1996, pale kampuni ya Pfizer ilipoijaribu dawa ya Trovan kwa watoto wao wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, na malalamiko yakafika mahakamani. Chanjo ilirejea mwaka 2004, baada ya viongozi wao wenyewe kuridhika na kuletewa chanjo iliyotengenezwa Indonesia. Kufikia hapo polio ya Nigeria ilikwishaanza kusambaa katika nchi nyingine. Wazazi wa Kano walisadiki sauti walizoziamini. Hapa kwetu pia, imamu au mchungaji akisimama na mwanawe mkononi kwenye foleni ya chanjo, mimi sina la kuongeza.

6. Kosa likitokea, lisemwe wazi na mapema

Julai 2018 nchini Samoa watoto wachanga wawili walikufa muda mfupi baada ya kuchomwa chanjo ya surua. Chanjo yenyewe ilikuwa salama. Wauguzi walikosea, wakachanganya unga wake na dawa ya kulegeza misuli badala ya maji yake. Serikali ikasimamisha chanjo hiyo kwa miezi kadhaa, uvumi ukajaza pengo, wazazi wakakaa mbali. Mwishoni mwa 2019 surua ikaingia katika nchi ile yenye watu wapatao 200,000 na kuua 83, wengi wao watoto chini ya miaka mitano. Ilibidi nchi ifungwe siku mbili, familia zenye wasiochanjwa zitundike vitambaa vyekundu mbele ya nyumba zao, na wachanjaji wapite mlango kwa mlango.

Nimewasomea wanafunzi wangu wa uuguzi habari hii mara nyingi, nikiwa na kichupa cha unga mkono mmoja na cha maji yake mkono wa pili. Soma lebo. Kisha soma tena.

7. Wengi tunaosema wamekataa, hawajakataa

Kichupa cha chanjo ya surua na rubela kina dozi kumi. Kikishachanganywa, kinachobaki hutupwa baada ya muda wa saa sita. Kwa hiyo kwenye zahanati ndogo akija mama mmoja na mtoto wa miezi tisa, muuguzi huogopa kupoteza dozi tisa na kumwambia arudi siku watakapofika wengi. Mama huyo ametembea kutoka shambani, au amelipa bodaboda kwenda na kurudi. Akirudishwa mara mbili, harudi ya tatu, na kwenye daftari anaandikwa mtoro. Msimamo wangu ni kwamba kichupa kifunguliwe. Dozi iliyomwagwa hununuliwa nyingine.

Dozi ya pili ya surua, ya miezi kumi na minane, ndiyo inayosahauliwa zaidi. Mtoto anatembea, ameacha kupimwa uzito kila mwezi, na familia huamini kliniki imekwisha. Dozi ile ya kwanza ya miezi tisa huwaacha watoto kadhaa bila kinga ya kutosha, na hii ya pili ndiyo inayowafikia hao.

Ewe mzazi unayesoma, itoe kadi ya kliniki ulipoihifadhi na uangalie mistari ya miezi tisa na kumi na minane. Ukikuta pako wazi, mpeleke mtoto hata kama tarehe ilipita zamani. Ratiba haianzi upya, anaendelezwa pale alipoishia. Una swali, liulize kabla ya sindano, na usiondoke mpaka ujibiwe. Chanjo hizi katika vituo vya umma ni bure.