Mtoto anakwenda kambi ya kiangazi: mambo ya afya ya kuweka sawa kabla ya siku ya kufungua



Kila ifikapo mwezi Mei, watoto wetu huanza kurudi kutoka shule na vikaratasi vya kambi za kiangazi. Nazungumzia zile kambi za kulala huko huko, wiki moja, mbili, hata saba, porini kando ya ziwa, Maine au New Hampshire au Pennsylvania au Wisconsin. Kwetu jambo hili ni geni. Likizo mtoto hupelekwa kwa bibi, hapelekwi kwa watu asiowajua. Wamarekani wenyewe wana mazoea nalo ya muda mrefu: mwalimu Frederick Gunn wa Connecticut alianza kuwatoa wanafunzi wake kwenda kupiga kambi mwaka 1861. Kama mtoto amepata nafasi, pengine kwa ufadhili maana kambi nyingi zina fungu la kuwasaidia wasioweza kulipa, mimi nasema aende. Ila aende akiwa ametayarishwa. Kambi nyingi hufungua kati ya mwisho wa Juni na mwanzo wa Julai, na mambo mengi ya afya yanahitaji wiki kadhaa kabla ya hapo.

FOMU YA AFYA NA KADI YA KLINIKI

Kambi itakupa fomu ya afya. Sehemu moja unajaza wewe mzazi, nyingine anajaza daktari baada ya kumpima mtoto. Kama mtoto alipimwa miezi michache iliyopita huenda kipimo hicho kinatosha, basi piga simu kliniki uulize kabla ya kuomba miadi mpya. Msingoje mwezi Juni. Wazazi wote wanakuwa na fomu ile ile mkononi na nafasi zinakwisha. Asiye na bima aulize kituo cha afya cha jamii cha karibu, huko hulipa mtu kulingana na kipato chake.

Sasa hapa ndipo wengi wetu tunapokwama. Mtoto aliyezaliwa nyumbani ana kadi ya kliniki iliyojaa vizuri, mama anaitoa kwa fahari, na nesi anasema chanjo haijatimia. Mama anaona kama amedharauliwa. Hakudharauliwa. Kwetu chanjo ya kwanza ya surua hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, kwa sababu surua kule huwapata watoto wadogo sana. Marekani dozi iliyotolewa kabla ya mtoto kutimiza mwaka mmoja haihesabiwi. Tena chanjo inayotumika Tanzania na Kenya ni ya surua na rubela, haina matumbwitumbwi, na hapa wanataka zote tatu. Kwa hiyo mtoto wako anaweza kuhitaji sindano moja au mbili zaidi. Kurudia chanjo hii hakumdhuru mtoto mwenye afya ya kawaida. Na kwa kuwa watoto wanalala wengi chumba kimoja, muulize daktari pia juu ya chanjo ya homa ya uti wa mgongo.

Baadhi ya fomu zinauliza kifua kikuu. Watoto wetu wengi wana lile kovu la BCG mkononi au begani, na kipimo cha kuchomwa chini ya ngozi kinaweza kuvimba kwa sababu ya chanjo hiyo tu. Omba kipimo cha damu, hicho hakichanganywi na BCG. Kikionyesha vijidudu vipo, usikimbie kliniki kwa aibu. Mara nyingi maana yake vimelala mwilini, mtoto haumwi wala hamwambukizi mtu, na zipo dawa za kuvimaliza kabla havijaamka. Lakini pia usijitulize kwa kusema "ah, ni BCG tu" kabla picha ya kifua haijapigwa.

ALISAFIRI LINI?

Kama kuna mstari mmoja katika fomu nzima ambao nakuomba usiuache wazi, ni huu wa safari. Familia nyingi hupeleka watoto nyumbani Krismasi, au Pasaka, au kwa harusi ya shangazi. Mtoto anarudi mzima, anakwenda kambini Julai, siku ya nne anapata homa na kichwa kinamuuma. Nesi wa kambi ni kijana wa Vermont ambaye hajawahi kuona malaria maishani mwake. Atampa dawa ya homa, maji mengi, na kumwambia alale. Kila mwaka Marekani hupata wagonjwa wa malaria wapatao 2,000, karibu wote wametoka nayo nje, na wengi wao ni watu kama sisi waliokwenda kusalimia ndugu.

Malaria kali kwa kawaida hujitokeza ndani ya miezi 3 tangu mtu atoke kule, lakini aina nyingine zinaweza kujificha mwaka mmoja au zaidi. Na usiseme mtoto wangu ana damu ya kwetu, malaria ameizoea. Mtoto aliyekulia Ohio hana kinga yoyote, na hata wewe mwenyewe uliyekulia Kisumu au Tanga kinga yako imepungua sana baada ya miaka kadhaa huku. Andika kwa herufi kubwa: mtoto alikuwa nchi fulani, tarehe fulani hadi fulani, akipata homa apimwe damu ya malaria siku hiyo hiyo. Halafu umwambie nesi kwa mdomo pia siku ya kufungua.

Hali ni hiyo kwa mtoto mwenye seli mundu. Maji baridi ya ziwa, kukimbia juani bila kunywa maji, na baridi ya usiku vinaweza kumwanzishia maumivu makali. Homa ikifika nyuzi 38.5 za Selsiasi, ambazo kipimajoto cha Marekani kitaandika 101.3, ni safari ya hospitali, si ya kungoja asubuhi. Watoto wanaozaliwa Marekani hupimwa seli mundu wakiwa wachanga, lakini aliyezaliwa kwetu huenda hajapimwa kamwe. Unapokwenda kujaza fomu, omba apimwe.

DAWA ZOTE KWA NESI

Siku ya kufungua utakuta meza ya nesi mlangoni. Dawa zote zinabaki pale: za pumu, za mzio, Panadol, vitamini, hata habasoda na ile chupa ya asali iliyosomewa dua. Zinatakiwa ziwe katika chupa au boksi la famasi lenye jina la mtoto na kipimo, zikiwa na maelezo ya daktari. Dawa uliyoitoa kwenye chupa ukaifunga kwenye karatasi hawataipokea, na wana haki. Nakiri mimi mwenyewe mwaka wa kwanza nilimfichia mwanangu dawa ya mafua ndani ya soksi. Mwenzake wa kitanda cha jirani aliiona, akadhani ni peremende. Tulipata bahati haikufunguka.

Mtoto wa pumu muulize daktari kama anaruhusiwa kukaa na inhela yake mfukoni. Kambi nyingi hukubali akiwa mkubwa na anajua kuitumia, ila ruhusa iandikwe. Mwenye mzio wa karanga au wa nyuki vilevile na sindano yake ya dharura.

Chakula nitapita haraka. Ukisema mtoto hali nguruwe, jikoni wataelewa. Watakachosahau ni zile peremende laini nyeupe wanazochoma kwenye moto usiku. Nyingi Marekani zimetengenezwa kwa jelatini ya nguruwe. Nunua pakiti ya halali, andika jina la mtoto, umpe mkuu wa jikoni.

MAJI

Siku ya kwanza au ya pili watoto wote hupimwa kuogelea. Wasiojua hupewa alama ya rangi na hubaki kwenye kina kifupi. Kila mtoto huwa na mwenzake, na filimbi ikilia wanashikana mikono wahesabiwe. Utaratibu huu ni mzuri sana, na unaharibiwa na mtoto mmoja tu anayesema anajua kumbe hajui, kwa sababu hataki kuchekwa na wenzake. Marekani watoto weusi huzama mara nyingi zaidi kuliko weupe, na tofauti hiyo ni kubwa hasa kwenye mabwawa ya kuogelea. Ukweli ni kwamba wengi hawajafundishwa, wala wazazi wao hawakufundishwa. Andika kwenye fomu "hajui kuogelea" bila haya, na mwambie mtoto mbele yako aseme hivyo hivyo. Akiwa bado na wiki chache, YMCA nyingi hufundisha watoto.

Wazazi wa Mwanza na Bukoba huniuliza habari ya kichocho. Maziwa ya Marekani hayana kichocho kile cha kwetu. Mtoto anaweza kupata vipele vya kuwasha kutokana na vijidudu vya ndege wa majini, vinapona vyenyewe.

KUPE, NA JANI LA MAJANI MATATU

Kwetu kupe tunamjua wa ng'ombe. Huyu wa majimbo ya kaskazini mashariki na ya Wisconsin na Minnesota huishi kwa paa na panya, na mwezi Juni na Julai anakuwa mdogo hata kuliko punje ya ufuta. Anaweza kuleta ugonjwa wa Lyme, uliopewa jina la mji wa Lyme kule Connecticut, ambako mwaka 1975 kina mama waligundua watoto wao wengi wanavimba magoti wakawasumbua madaktari hadi wakachunguza. (Ona faida ya mama asiyekubali kunyamazishwa.)

Kupe huhitaji kukaa mwilini zaidi ya siku nzima kabla ya kuambukiza, ndiyo maana kukaguliwa kila jioni kunasaidia kweli. Mfundishe mtoto ajipapase nyuma ya masikio, kwenye nywele, kwapani, kiunoni, nyuma ya magoti. Wenye nywele zilizosukwa wapapase kati ya mistari. Akikutwa, hutolewa kwa kibano kilichoshikwa karibu kabisa na ngozi, kwa kuvuta moja kwa moja taratibu. Asipakwe mafuta wala asichomwe kiberiti. Dawa ya kupaka yenye DEET isiyozidi asilimia 30 inafaa kwa watoto.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vingi havionyeshi. Picha za ugonjwa huu ni duara jekundu kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu duara hilo linaweza kuonekana la zambarau, la kahawia au kama jeraha la kugongwa, na wagonjwa weusi hugundulika wakiwa wamechelewa. Doa lolote linalotanuka siku hadi siku ndani ya mwezi mmoja baada ya kambi lipeleke kwa daktari, na utaje neno kupe mwenyewe. Dawa ipo na inaponya vizuri ikitolewa mapema.

Jani lenyewe ni mmea unaotambaa, kila kikonyo kina majani matatu, na utomvu wake hutoa malengelenge. Watu wa Mtwara wataelewa mara moja: ni wa ukoo mmoja na mkorosho, na utomvu wake huunguza kama mafuta ya ganda la korosho. Aliyeugusa anawe kwa sabuni na maji ya baridi mara moja, na nguo zifuliwe.

MAMBO YA NDANI

Kama mtoto bado anakojoa kitandani, mwambie nesi kwa siri. Hatakuwa peke yake katika kambi hiyo, na wafanyakazi wanajua kubadilisha shuka watoto wengine wakiwa kwenye kifungua kinywa. Daktari anaweza kutoa dawa ya siku hizo tu, ila ijaribiwe nyumbani kwanza. Kumtisha au kumwita kikojozi hakujamponya mtu.

Msichana wa miaka 10 na kuendelea awe na pedi begini hata kama hajavunja ungo, na aelezwe. Zamani alikuwepo shangazi au somo wa kufanya kazi hiyo. Huku ni wewe, mama, na kama huna mama karibu basi ni wewe, baba.

Na wote, wavulana kwa wasichana, waambiwe kwa lugha iliyo wazi kwamba hakuna mkubwa wa kumgusa sehemu za siri, wala wa kumwambia afiche siri mama asijue. Iulize kambi: je, mtu mzima anaruhusiwa kukaa faragha na mtoto mmoja? Jibu unalotaka ni hapana, pasipo maelezo marefu.

AKILIA KUTAKA KURUDI

Atalia, au ataandika barua ya kukuvunja moyo, maana simu nyingi huzuiwa. Barua hiyo iliandikwa siku ya pili na utaisoma siku ya sita, wakati mwenyewe anaimba. Kumkumbuka mama si ugonjwa. Kosa letu kubwa ni kumwahidi, "ukishindwa nipigie nitakuja kukuchukua." Baada ya hapo hatajaribu kuzoea, atahesabu saa. Badala yake alale kwa rafiki au kwa baba mdogo usiku mmoja au mbili mwezi mmoja kabla. Mwandikie barua fupi, usimweleze kwamba mdogo wake analia kila usiku kwa ajili yake. Lakini kama hali kabisa, halali, au amejitenga siku nne tano, kambi ikupigie, na wewe usione haya kupiga na kuomba kuzungumza na nesi kwa jina.

Akirudi, kabla ya pilau na picha, mwogeshe, mkague kupe, fua nguo zote kwa maji ya moto. Halafu muulize dawa zake zilizobaki ziko wapi, maana nusu ya wazazi huzisahau kwa nesi.