Kufundisha Visukuku kwa Modeli za Kidijitali: Mafunzo Niliyopata

Fuvu la Zinj, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, aliloligundua Mary Leakey huko Olduvai, Tanzania, mwaka 1959, lina umri wa miaka milioni 1.75 hivi. Ni hazina ya taifa, na si kila mtoto atapewa alishike. Lakini umbo lake la pande tatu kwenye kompyuta, kila mtoto anaweza kuligeuza atakavyo. Nimekuwa nikipeleka maumbo ya namna hiyo shuleni, na haya ndiyo yaliyonikaa.

1. Macho yatangulie jina. Jina la kisayansi nalisogeza mwisho. Namwonyesha mwanafunzi umbo la Zinj, nampa kipanya, nauliza: huyu alitafunaje? Wanaona magego mapana kuliko yetu na tuta la mfupa utosini. Nawaambia waweke vidole kwenye mapanja yao, watafune. Msuli wanaousikia ukicheza ndio uliojishika kwenye tuta lile. Tangu hapo maswali ni yao. Wakiuliza alikula nini, nawaeleza kwamba kemia ya meno ya spishi yake imeonyesha mimea ya jamii ya nyasi na ndago, jambo ambalo umbo peke yake halisemi.

2. Kipimo kiwe sakafuni. Kwenye skrini, jino na dinosauria huonekana sawa. Nikionyesha nyayo za watu wa kale za Laetoli, zilizokanyagwa kwenye majivu ya volkano miaka milioni 3.6 iliyopita, nachora kwa chaki unyayo wa sentimita 18 na mwingine wa sentimita 26. Watoto huvua viatu, wakapima miguu yao. Kwa dinosauria Giraffatitan wa Tendaguru, Lindi, ambaye mifupa yake imesimamishwa Berlin, tunanyoosha kamba ya mita 13 uwanjani: huo ndio urefu wake kwenda juu.

3. Taja kilichoongezwa. Taya la chini la Zinj halikupatikana. Modeli zenye taya zimeazima umbo kutoka kwa visukuku vingine, likiwemo taya aliloligundua Kamoya Kimeu huko Peninj, karibu na Ziwa Natron, mwaka 1964. Sehemu ya kubuni naipaka rangi tofauti. Mwanafunzi ana haki ya kujua mfupa unaishia wapi na makadirio yanaanzia wapi.

4. Pakua mapema. Mafaili yawe kwenye kompyuta kabla ya safari, na betri iwe imejaa. Intaneti usiitegemee.

5. Modeli imfundishe mtu kulinda. Nyayo nyingi za Laetoli zilifukiwa tena ili mvua, jua na mizizi visiziharibu. Ndiyo maana nakala zake zina thamani. Kila somo nalimaliza kwa agizo: ukiona mfupa uliogeuka jiwe, usiung'oe. Piga picha, kariri mahali, toa taarifa kwa mamlaka ya mambo ya kale. Tabaka ulimolala ndilo linalotoa umri wake, na ukishang'olewa ovyo, hakuna kompyuta itakayourudishia ushahidi huo.