Joto na Uvivu

Yasikika sana barazani, na wasemao ni watu wetu wenyewe, kuwa watu wa pwani ni wavivu kwa sababu ya joto. Neno hili si geni. Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake ya mwaka 1377, ametenga mlango wa kueleza namna hewa ya nchi inavyoathiri tabia. Watu wa Fas, asema, wamezungukwa na vilima vya baridi, basi huwa wenye huzuni na kuiwaza kesho, huweka akiba ya ngano ya miaka. Hao aliwajua, maana alikaa nao. Lakini alipowafikia watu weusi wa nchi za joto, alihukumu kuwa joto huwafanya wepesi wa akili na wapenda ngoma, na watu wa pwani akawakurubisha nao. Twamheshimu mwanachuoni huyu, wala hatuoni dhambi kusema kuwa hapa alikosea. Pwani yetu hakufika.

Aliyefika ni Ibn Battuta, mwaka 1331. Mombasa alilala usiku mmoja tu. Aliona wenyeji wakila ndizi na samaki, nafaka ikiletwa kutoka nje ya kisiwa. Akaona misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na mlangoni kisima cha dhiraa moja au mbili, mwenye kuingia huteka maji akaosha miguu. Akawasifu kwa dini na wema. Na joto lilikuwa lile lile!

Basi nchi humwathiri mtu vipi? Sisi twaona ni kwa kazi inayomtaka aifanye. Upepo wa kaskazi ulileta majahazi ya Arabuni, nayo hayakuweza kurejea ila kwa kusi, kuanzia Aprili. Katika kungoja huko baharia aliuza, akajifunza lugha, akaoa. Na huo ndio mwanzo wa undugu mwingi tulio nao na Oman na Hadhramaut. Tazameni pia nyumba za mawe za Lamu: vyumba ni virefu na vyembamba, kwa kuwa dari imelala juu ya boriti za mikoko, na upana haupiti urefu wa boriti. Tajiri aliweza kununua nakshi, upana hakuweza.

Na mvuvi wa Vanga huondoka usiku wa manane, kwani maji ya bamvua hayamngoji. Adhuhuri akilala uvulini, mpita njia humwita mvivu.