ASALI SAFI NA ASALI YA KUCHANGANYWA: TUTAZITAMBUAJE?



Asali ni chakula, na pia ni fedha. Katika vijiji vingi vya Tabora, Katavi, Kigoma na Singida, asali inanunua sare za watoto, mbegu na mabati ya nyumba. Lakini sokoni kuna asali za kila namna. Nyingine ni safi. Nyingine imetiwa maji, au maji ya sukari, au sukari guru. Mnunuzi akidanganywa mara moja, hamwamini tena muuzaji yeyote. Bei inashuka, na anayeumia ni mfugaji mwaminifu.

Basi leo tujifunze namna ya kuipima asali. Anayejua kusoma, kuandika na kuhesabu hadanganywi kwa urahisi.

NYUKI WANATENGENEZAJE ASALI?

Nyuki hufyonza majimaji matamu katika maua. Majimaji hayo huitwa mbochi. Mbochi una maji mengi, mara nyingi zaidi ya nusu. Nyuki huupeleka mzingani na kuuweka katika vijumba vya sega. Kisha nyuki hupepea kwa mabawa yao, na maji hupungua kidogo kidogo.

Asali ikikomaa, maji yake huwa hayazidi sehemu 20 katika kila sehemu 100. Hapo nyuki hufunika kijumba kwa nta. Ukiona sega limefunikwa kwa nta, ujue asali yake imeiva.

Kumbe asali inaweza kuwa na maji mengi hata kama hakuna mtu aliyeitia maji! Mfugaji mwenye haraka akivuna masega ambayo hayajafunikwa, anapata asali mbichi. Asali hiyo huchacha. Hutoa povu na harufu kama ya pombe.

MAJARIBIO YA NYUMBANI: YA KWELI NA YA UONGO

Watu wengi wana njia zao za kupima asali. Tuzitazame moja moja.

1. Kudondosha asali katika glasi ya maji. Husemwa kwamba asali safi huzama bila kuyeyuka. Ni kweli, asali nzito huzama. Lakini maji ya sukari yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito huzama pia. Njia hii inaonyesha uzito tu. Haionyeshi sukari.

2. Kuchovya kijiti cha kiberiti. Husemwa kwamba kijiti kikiwaka, asali ni safi. Kijiti kikikataa kuwaka, labda kimelowa maji. Lakini kikiwaka, bado hujajua kama asali ina sukari.

3. Kudondosha juu ya karatasi au kitambaa. Asali yenye maji hupenya na kulowesha upande wa pili. Hapa pia unatambua maji tu.

4. Kutazama sisimizi. Wengine husema sisimizi hawali asali safi. Hapana ndugu, si kweli hata kidogo. Sisimizi wanapenda asali. Muulize mfugaji yeyote namna wanavyomsumbua mzingani.

5. Kutazama kuganda. Wengine wakiona asali imeganda chengachenga, husema, "Hii ni sukari!" Wanakosea. Asali safi nyingi huganda, hasa wakati wa baridi. Iweke chupa katika maji ya uvuguvugu, nayo itayeyuka. Usiibandike motoni, maana moto mkali huharibu ladha na ubora wake.

6. Kutazama rangi. Asali ya maua fulani ni nyeupe, ya maua mengine ni nyekundu au nyeusi. Rangi peke yake haimshitaki mtu.

Tena tukumbuke asali ya nyuki wadogo wasiouma. Asali hiyo ni nyepesi na ina uchachu kwa asili yake. Ukiipima kwa glasi au kiberiti, utamwita mwizi mtu asiye na kosa.

MIZANI HUSAIDIA ZAIDI

Asali ni nzito kuliko maji. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Lita 1 ya asali iliyoiva ina uzito wa kilo 1 na gramu 400, au zaidi kidogo. Sukari ya dukani ikiyeyushwa katika maji baridi mpaka isiweze kuyeyuka tena, lita 1 yake ni kama kilo 1 na gramu 330 tu. Haifikii asali.

Fanya hivi:

Kwanza, pima dumu likiwa tupu. Andika uzito wake.
Pili, lijaze maji mpaka kwenye alama, ulipime. Toa uzito wa dumu. Sasa umepata uzito wa maji.
Tatu, zidisha uzito wa maji kwa 1.4. Huo ndio uzito ambao asali inatakiwa kuufikia.
Nne, mwaga maji, kausha dumu vizuri kabisa, jaza asali mpaka kwenye alama ile ile. Ngoja povu litulie. Pima.

Mfano: Dumu tupu lina gramu 200. Likijaa maji lina kilo 5 na gramu 200. Basi maji ni kilo 5.

5 × 1.4 = 7

Asali peke yake iwe kilo 7 au zaidi. Pamoja na dumu iwe kilo 7 na gramu 200 au zaidi. Ukikuta kilo 6 na gramu 800, asali ni kilo 6 na gramu 600 tu. Hapo uliza maswali: imetiwa maji, imetiwa sukari, au imevunwa mbichi?

Tumia chombo kikubwa na mizani nzuri. Kwa chupa ndogo, tofauti ni ndogo mno, huwezi kuiona. Asali ya nyuki wadogo usiipime kwa hesabu hii.

Lakini tusidanganyane. Mjanja akichemsha maji ya sukari kwa muda mrefu, yanaweza kuwa mazito kama asali. Mizani inawakamata wengi, haiwakamati wote. Kwa hakika kamili inahitajika maabara, kama ile ya Mkemia Mkuu wa Serikali au ya Shirika la Viwango Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1975. Huko wana vyombo vya kupima maji yaliyomo na kutambua sukari ya kuongezwa.

MIZANI HUMLINDA MFUGAJI PIA

Debe la lita 20 likijaa asali iliyoiva, asali hiyo ni kilo 28. Si kilo 20. Mnunuzi akikuambia, "Mzee, debe ni kilo 20, shika pesa yako," anakupunja kilo 8 kwa kila debe. Ukiuza madebe 5, umepoteza kilo 40! Kabla ya kupokea fedha, mwulize mnunuzi: unanunua kwa lita au kwa kilo? Kisha fanya hesabu mwenyewe.

UNAPONUNUA ASALI

- Nunua kwa mtu unayemjua, au kwa kikundi cha wafugaji chenye jina kijijini.
- Uliza asali imevunwa wapi, lini, na wakati wa maua gani. Mfugaji wa kweli ana majibu. Mchuuzi mdanganyifu hubabaika.
- Ukiweza, nunua asali ikiwa ndani ya masega yaliyofunikwa kwa nta. Ni vigumu zaidi kuichanganya.
- Nusa. Harufu ya pombe ni dalili ya maji mengi.
- Jihadhari na bei ya chini mno.

UNAPOUZA ASALI

- Vuna masega yaliyofunikwa. Yaliyo wazi yaache, au yaweke kando.
- Usikamue masega yenye majana, yaani watoto wa nyuki. Yanaharibu asali.
- Tumia vyombo safi na vikavu. Usitumie dumu lililowekwa mafuta ya taa au dawa ya shamba, hata ukiliosha mara kumi.
- Funika vizuri. Asali hunyonya unyevu wa hewa.
- Andika kwenye chombo jina lako, kijiji, na tarehe ya kuvuna. Mtu anayeweka jina lake hathubutu kuchanganya.

Kama una swali, mwone Afisa Nyuki wa wilaya yako.

TAHADHARI: Mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asipewe asali, hata iwe safi namna gani. Asali inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvishinda. Vinaweza kumletea ugonjwa wa hatari.

Wahenga walisema: Fuata nyuki ule asali. Anayetaka asali safi aifuate mpaka inakotoka, ajue mzinga na mwenye mzinga.

MANENO YA KUJIFUNZA
Mbochi: majimaji matamu ya maua.
Majana: watoto wa nyuki ndani ya sega.
Kuchacha: kuharibika na kuwa na ladha kali.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Kwa nini asali ya masega yaliyo wazi huchacha?
2. Jaribio la kiberiti linatambua nini? Halitambui nini?
3. Dumu lako linachukua kilo 3 za maji. Likijaa asali iliyoiva, asali iwe na uzito gani?
4. Mnunuzi anataka madebe 3 ya asali kwa bei ya kilo 60. Utamjibu nini?
5. Katika kijiji chenu, wafugaji wafanye nini ili asali yao iaminiwe?