Doa Kwenye Ubongo Si Lazima Liwe Saratani

Mgonjwa anapoambiwa kwamba picha ya MRI imeonyesha doa kwenye ubongo, jamaa wengi hufikiria saratani papo hapo. Wapo wanaokata tamaa na kumrudisha mgonjwa nyumbani kabla ya uchunguzi kukamilika.

Ni kweli kwamba doa hilo laweza kuwa saratani. Lakini pia laweza kuwa jipu, kifua kikuu kilichofika kwenye ubongo, viluwiluwi vya tegu wa nguruwe, au maambukizi ya toksoplasma, ambayo huwapata zaidi watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi kinga yao inaposhuka. Magonjwa haya mengine yana matibabu, na kila moja lina dawa zake. Ugumu ni kwamba kwenye picha ya kawaida yanaweza kufanana: duara lenye ukingo unaong'aa. Hapo ndipo kipimo kiitwacho spektroskopia husaidia.

Kipimo hiki hufanyaje kazi?

Mashine ni ile ile ya MRI, inayotumia sumaku na mawimbi ya redio. MRI ya kawaida huonyesha umbo la ubongo. Spektroskopia husoma kemikali zilizo katika sehemu ndogo iliyochaguliwa, kisha hutoa grafu yenye vilele. Kila kemikali ina mahali pake kwenye grafu.

Daktari hutazama nini?

• NAA: hupatikana ndani ya seli za neva. Ikipungua, ni dalili kuwa seli hizo zimeharibika au zimekufa.

• Kolini: hupanda pale seli zinapozaana kwa kasi, kama katika uvimbe wa saratani.

• Lakteti: hujitokeza tishu zinapokosa oksijeni ya kutosha.

• Mafuta: kilele kikubwa cha mafuta, bila kolini kupanda sana, humfanya daktari afikirie kifua kikuu.

• Asidi za amino na asetati: huashiria jipu la bakteria.

Je, jibu ni la mwisho?

La. Saratani iliyooza katikati nayo hutoa mafuta, na doa dogo sana au lililo karibu na mfupa husomeka kwa shida. Kwa hivyo majibu huunganishwa na picha, vipimo vya damu na historia ya mgonjwa. Wakati mwingine bado itabidi kipande cha uvimbe kichukuliwe na kupimwa maabara.

Ujiandae vipi?

Kipimo hiki hakitumii eksirei, na huongeza dakika chache tu kwenye MRI. Utahitajika kulala bila kutikisika. Mweleze mhudumu mapema iwapo una chuma au kifaa chochote mwilini, hasa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Beba picha za awali na orodha ya dawa unazotumia. Usimfiche daktari kama umewahi kuugua kifua kikuu au hali yako ya virusi vya Ukimwi, kwani taarifa hizo zaweza kubadilisha maana ya grafu.

Si kila mgonjwa anahitaji spektroskopia, na si kila mashine ya MRI ina uwezo huo. Muulize daktari wako: doa hili laweza kuwa nini, na ni kipimo gani kitakachotofautisha? Ukipatwa na degedege kwa mara ya kwanza, au maumivu ya kichwa yanayozidi kila siku, fika katika kituo cha afya kilicho karibu nawe bila kuchelewa.